Mkwe Haangushwi

Kila asubuhi, kabla mji wa Migori haujachangamka vizuri, mimi hutoa magodoro nje ya duka na kuyapiga. Huyasimamisha barazani, yameegemea ukuta kama watu wanaosubiri daktari, nikayakung'uta vumbi kwa fimbo, moja baada ya jingine. Kisha hukaa juu ya lile pana kuliko yote, ambalo hulazwa chini ili wateja walijaribu, na kunywa chai kwa nduma. Ni wakati wangu. Hakuna anayeniambia, "Phanice, ongeza sauti."

Asubuhi ninayoisimulia, nduma ilikuwa bado mdomoni fahali alipopanda barazani.

Alikuwa ametoroka njiani kuelekea soko la ng'ombe. Mtu aliyemfuata hakuwa nyuma yake, alikuwa ubavuni, amemkumbatia shingo, miguu ikiburuzika, akimsemesha Kikuria kwa upole kama anayebembeleza mtoto alale. Nilichoweza kufanya ni kuruka pembeni na kikombe changu. Yule mtu akaweka bega chini ya kidevu cha fahali, akaipinda ile shingo, na wote wawili wakaanguka juu ya godoro nililokuwa nimelikalia. Godoro likatoa pumzi ndefu. Fahali akapepesa macho.

"Samahani, dada," yule mtu akasema kutoka chini ya shingo. "Umeamkaje?"

"Salama," nikajibu. Nadhani ni fahali peke yake aliyesikia.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Nyamhanga wa Kegonga, ambaye kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe za watu hadi sokoni.

Bosi wangu, Mzee Abdullahi, akatoka ndani na tasbihi mkononi. Nilitarajia aulize habari za godoro, ambalo sasa lilikuwa na pembe ya ng'ombe ndani yake. Hakuuliza. Alimtazama Nyamhanga jinsi mtu anavyotazama nyumba anayotaka kuinunua.

"Kijana, hiyo kitu umefanyia ng'ombe, unaweza kufanyia mtu?"

Nyamhanga akafikiri. "Mtu gani, mzee?"

"Yeyote. Mwenye kubeba mpira."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Amebeba mpira tu."

Nyamhanga akanitazama mimi, kama kwamba ningemweleza. Mimi nilijua maana yake, lakini sikusema. Nilikuwa na aibu, na pia nilikuwa na nduma mdomoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mzee Abdullahi ana dada mkubwa, Mama Ruqia, mwenye duka la sufuria kule Oyugis. Binti ya Mama Ruqia, Nasteha, anaishi Minneapolis, na huko amependa ule mpira wa Kimarekani ambao watu hubeba kwa mikono na kuangushana. Mpira wenyewe una umbo la kiazi kitamu. Nasteha aliwatumia mama yake na mjomba wake mpira mmoja mmoja, wasigombane. Ikawa kosa. Watu wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja na mpira wake na duka lake, lazima wawe na timu mbili.

Mzee Abdullahi alisajili wanaume wa Migori mjini, akawashonea mavazi ya kujikinga kwa sponji ya magodoro, na kila mtu akaja na kofia yake ya bodaboda. Mama Ruqia alisajili wa Oyugis, akawavalisha sufuria vichwani, zimetobolewa masikio na kufungwa kidevuni kwa kamba za viatu. Timu zilikuwa na majina marefu ya Kiingereza, lakini watu waliziita Magodoro na Sufuria, na majina yale marefu yakafa yenyewe.

"Sisi si timu ya mchezo," Mzee Abdullahi alituambia siku ya kwanza ya mazoezi, amesimama juu ya kreti ya soda. "Sisi ni wa kulipwa. Kila mchezaji, msimu ukiisha, godoro la inchi sita."

"Kwa hivyo mimi ni profesheno?" akauliza Bonface, mwendesha bodaboda mwenye mwili kama lango la kanisa.

"Ukishalilalia."

Halafu akatusomea kwenye simu habari za wachezaji wa kwanza wa kulipwa huko Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Walifanya kazi wiki nzima, wakacheza Jumapili na kucha zao bado nyeusi. Walivaa kofia za ngozi, wengine kichwa wazi. Kuna waliojiita majina ya uongo ili leo wacheze timu hii na kesho ile.

"Mnaona?" akasema. "Hata wao hawakuanza na vitu vya maana. Na hawakuwa na sponji."

Refa nikawa mimi. Sikuomba. Nina diploma ya mambo ya biashara, na ni mimi pekee niliyekuwa nimesoma kitabu cha sheria mpaka mwisho. Isitoshe, nyumbani kwetu ni Oyugis na kazi yangu iko Migori, kwa hiyo kaka na dada wote wawili waliona siwezi kupendelea upande. Nikapewa filimbi. Nilipoipuliza mara ya kwanza, Bonface akatazama chini kuona kifaranga kimetokea wapi.

*

Mechi ya kwanza ilichezwa Oyugis, na ndiyo iliyotuonyesha tatizo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Sufuria zilipogongana na kofia za bodaboda, sauti ilikuwa kama jikoni kwa matanga. Kila mtu wa Sufuria aliyebeba mpira, Nyamhanga alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza chini taratibu kama ng'ombe anayepewa chanjo, akamuuliza kama ameumia. Watu walimpenda hata wa upande ule.

Kisha mpira ukamfikia kijana mmoja mwembamba anayeitwa Machuki. Alikimbia upande wa Bonface. Bonface akapanua mikono, akamwona vizuri, akaishusha. Akavua kofia. Akasogea kando akainamisha kichwa, na Machuki akapita akitembea, hadi mstari wa mwisho.

"Bonface," Mzee Abdullahi akauliza, sauti ikiwa ndogo kwa mshangao, "umefanya nini?"

"Yule ni mjomba wa mke wangu."

"Ni mtoto. Hana hata ndevu."

"Mjomba haangaliwi ndevu, mzee."

Labda nieleze kwa wasomaji wa mbali. Huku kwetu, Wajaluo na Wakuria pia, mkwe huheshimiwa kwa umbali. Humgusi ovyo. Ukimwona njiani, unampisha. Kumkamata mtu wa upande wa mke wako, ukamwangusha mavumbini na kumlalia mbele ya mama zake, ni jambo ambalo huishia kwa wazee kukaa kikao na mbuzi kupoteza maisha. Nilikisoma tena kile kitabu cha sheria, kurasa zote, nikitafuta sura ya wakwe. Wamarekani hawakuiandika.

Mama Ruqia hakuhitaji kuandikiwa. Wiki iliyofuata alianza kusajili kwa njia mpya. Mtu akija dukani kwake kuomba kucheza, hakumuuliza kama ana mbio. Alimuuliza, "Dada zako wameolewa wapi?" Akisema Migori, anapimwa sufuria hapo hapo. Alimsajili fundi wa baiskeli mwenye kikohozi kwa sababu alikuwa na mabinti wengi. Alimsajili mtu aliyekuwa akichechemea.

Nikitazama nyuma, naona maisha ya wachezaji wetu wa kwanza wa kulipwa yalikuwa mafupi sana. Omosa, mpika mandazi, aliyekuwa mrushaji wetu hodari, alistaafu baada ya kumgonga shemeji kwa bahati mbaya na mkewe kurudi kwao kwa wiki nzima. Mniko, wa bodaboda pia, aliacha kwa sababu kofia yake ilitakiwa kazini. Bonface alibaki, lakini tulimweka mahali ambapo hakuna mtu hupita.

Ndipo Mzee Abdullahi akatangaza sheria yake. Kuanzia siku hiyo Magodoro watakuwa makapera watupu, isipokuwa Bonface, na mchezaji yeyote atakayechumbia msichana wa upande wa Homa Bay, kaunti ya Oyugis, atatoka timuni na godoro lake litauzwa.

Alisema hayo dukani, mbele ya timu yote, nami nilikuwa nikifunga godoro kwa kamba. Nyamhanga alikuwa amenisaidia kushika fundo kwa kidole. Kidole kikabaki pale pale. Hatukutazamana.

*

Ni lazima niseme kuhusu godoro la Nyamhanga.

Alikuwa amelichagua mapema, la maua ya bluu, akaniomba nimwekee nyuma lisiguswe. Tangu hapo alikuja kila jioni, akishatoka sokoni.

"Nimekuja kuona godoro langu," angesema.

"Liko," ningesema.

Tungeenda nyuma kuliona. Lilikuwa godoro. Lilikuwa limesimama. Angeligusa kidogo.

"Hili ni la watu wangapi?"

"Wawili."

"Wawili." Angetazama dari. "Wawili si wengi."

"Si wengi."

"Na si wachache."

Kisha angeuliza kama kuna mzigo wa kubeba. Hata kama haukuwepo, nilitafuta. Kuna godoro moja la watoto nililomhamishisha kutoka kona moja hadi nyingine mpaka likachubuka. Siku moja alikuja na maziwa mala ya kwao katika kibuyu, akaniachia juu ya kaunta, akasema ni ya godoro. Nilielewa alichotaka kusema. Yeye pia alielewa kwamba amekosea. Alitoka nje akasimama juani kwa muda mrefu, akijisemesha.

Niliyataka yale maneno yake. Sitaficha. Kila jioni nilijiambia, leo atasema. Lakini nilijua akisema, atakuwa amejivua timu. Alikuwa hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake kwa lolote, maana ng'ombe hawapigi. Sasa watu sokoni walimwita kwa jina. Kule Kegonga mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mchezaji wa kulipwa. Ningemuombaje aseme? Na mimi ningesema nini, ambaye hata bei ya mto huisema mara mbili?

Shangazi yangu Edith ndiye aliyeharibu, au aliyetengeneza, sijui. Alipita dukani siku moja akitoka hospitali, akakaa kidogo, akamwona Nyamhanga akilihamisha lile godoro la watoto. Hakusema neno. Aliporudi Oyugis alinunua sufuria kwa Mama Ruqia, na katika kulipia akamsimulia. Jioni ile ile Mama Ruqia alikuwa buchani kwa baba yangu.

Baba yangu, Mzee Wesley, ana bucha karibu na steji ya matatu ya Oyugis. Ana tumbo la heshima na goti moja bovu. Lakini miaka mingi amepita katikati ya mbwa wa Oyugis akiwa na paja la ng'ombe kwapani, na hakuna mbwa aliyewahi kumnyang'anya. Alinipigia simu.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "kuna mtu hapo dukani kwenu?"

"Wateja wapo, baba."

"Sijauliza wateja."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Familia yetu inaweza kuongea hivyo kwa muda mrefu.

"Haya," akasema mwishoni. "Tutaonana Uriri."

Nilifikiri ana mzigo wa kupeleka Uriri.

*

Mechi ya mwisho wa msimu ilichezwa Uriri, katika uwanja wa shule, mahali pa katikati. Watu walikuja wengi kuliko tulivyofikiri. Baadhi waliambiwa kuna mkutano wa mbolea, wakaona hakuna, wakabaki. Kwa kuwa filimbi yangu haikusikika mechi ya kwanza, Mzee Abdullahi alinikodia kipaza sauti cha mkononi kutoka kwa muuza dawa ya panya. Kilikuwa na kitufe cha kuongea na kitufe cha tangazo, na vitufe vilifanana.

"Makosa, upande wa Sufuria," ningejaribu kutangaza, na kipaza sauti kingesema kwa sauti kavu ya mwanaume: *Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, weka leo, kesho unafagia.*

"Sawa, refa," wachezaji wangeitikia, na kurudi nyuma.

Mchezo ulikuwa mkali. Makapera wa Mzee Abdullahi walikuwa wepesi na hawakuheshimu mtu. Nyamhanga aliwalaza Sufuria wote, mmoja mmoja, akiwapa pole. Hadi karibu na mwisho Magodoro walikuwa mbele kidogo, na Sufuria walibaki na nafasi moja tu ya kuufikisha mpira mstarini.

Mama Ruqia akaomba kubadilisha mchezaji. Akasema jina la anayeingia ni Kijana Mpya.

Kijana Mpya akatoka nyuma ya choo cha walimu. Alikuwa amevaa sufuria kubwa, ile ya kupikia ugali wa harusi, imemfunika hadi puani. Alikuwa na tumbo. Alitembea akipendelea goti la kulia.

"Huyo ni kijana?" akauliza mtu.

"Hata Marekani walijiita majina yasiyo yao," Mama Ruqia akamjibu. "Muulize ndugu yangu, anayo kwenye simu."

Nilimjua kwa hatua ya kwanza. Nani asiyemjua baba yake akitembea? Nikaweka mkono mdomoni. Nikamtafuta Nyamhanga kwa macho, nikaona naye amejua, maana Mama Ruqia alihakikisha. Aliinua mikono akaita kwa nguvu, uwanja mzima usikie:

"Mpeni mpira Mzee Wesley, baba yake Phanice."

Basi nikaielewa hesabu yake yote. Kama Nyamhanga angemwangusha baba yangu, angekuwa ameuambia ulimwengu kwamba hana haja na nyumba yetu. Hakuna mtu humlalia mzee mavumbini leo, kesho akampelekea ng'ombe za mahari. Na kama angempisha, angekuwa amekiri, na Mzee Abdullahi alikuwa amesimama pale pale kwenye mstari.

Nikapuliza filimbi, kifaranga kikalia, mchezo ukaanza.

Mpira ukarushwa nyuma, ukamfikia baba. Akauweka kwapani kama paja la ng'ombe. Akaanza kuja. Siwezi kusema alikimbia. Alikuja, jinsi trekta linavyokuja. Vijana wawili wa Magodoro walimrukia, wakateleza kwenye tumbo lake kama mbwa wa steji. Mwingine akashika shati, akabaki na shati. Kisha hapakuwa na mtu tena kati ya baba na mstari, ila Nyamhanga.

Nyamhanga aliinama kama alivyoinamia fahali. Bega likawa tayari.

Baba akakaribia.

Nyamhanga akasimama wima, akasogea kushoto kumpisha.

Lakini baba naye alikuwa amesogea upande ule ule, kumpisha yeye.

Nyamhanga akaenda kulia. Baba akaenda kulia. Wakasimama wakitazamana, hatua chache tu kabla ya mstari, kila mmoja akimpa mwenzake njia kwa mkono, kama watu waliokutana kwenye daraja jembamba.

"Pita, mzee," Nyamhanga akasema.

"Pita wewe."

"Mimi siendi popote, mzee. Ni wewe una mpira."

"Nimeona," baba akasema.

Hata wale wa mbolea walikuwa wamesimama. Mama Ruqia hakuwa amelitazamia hili, kwamba heshima ya mkwe ina pande mbili, na kwamba mzee naye hawezi kumparamia mtu anayemwona kama mwanawe wa kesho. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyenunua sufuria yenye tundu.

"Mzee, kimbia," akaita.

"Nyamhanga, mwangushe," akaita ndugu yake kutoka upande wa pili. "Fikiria godoro."

Baba akaisukuma sufuria juu kidogo ili aone vizuri. Jasho lilimtiririka.

"Kijana," akasema, "mimi sikuja hapa kwa sababu ya mpira. Goti langu linaniuma. Nimekuja kwa sababu msichana wangu ni mtu wa kunyamaza, na nimeambiwa wewe pia ni mtu wa kunyamaza, na mimi sitaki kuzeeka nikisubiri. Kama mimi si mtu wako, niangushe, tuendelee na mchezo, sitakasirika. Kama ni mtu wako, sema."

Nyamhanga akafungua mdomo.

"Mzee," akasema, "huko Oyugis mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Vizuri. Na ng'ombe wako wanaendeleaje?"

"Mimi nina bucha."

"Pole."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nyamhanga akanitazama. Uso wake ulikuwa ule ule wa jioni ya kibuyu, anajua amekosea na hajui pa kuanzia. Kisha akapeleka mikono kidevuni, akafungua kamba ya kofia yake ya bodaboda, akaivua. Akainama, akaiweka juu ya nyasi polepole sana, upande wa Mzee Abdullahi, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akasimama kichwa wazi, mikono nyuma, akamwinamia baba.

"Amefanya nini?" watu wakaulizana. "Amejeruhiwa?"

"Refa," Mzee Abdullahi akasema, "toa uamuzi. Hiyo ni nini?"

Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Niliona sufuria, na kofia, na shangazi Edith mbele kabisa akinikodolea macho kama anayesubiri uji uchemke. Niliiona ile kofia kwenye nyasi. Nikafikiri, huyu amelipa godoro lake lote na hajasema neno, na mimi hapa nina kipaza sauti.

Nikakiinua. Nikabonyeza.

*Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni...*

"Siyo hiyo," baba akasema kwa upole.

Nikakishusha. Nikakiacha kabisa chini. Nikasema kwa mdomo wangu, kwa sauti yangu ile ile ya dukani, nadhani nilisema yote, nilisema vizuri, na shangazi Edith akashika kifua chake kwa mikono miwili, na Bonface, aliyekuwa karibu kwa sababu mahali pake hakuna mtu hupita, akafunika macho.

"Ongeza sauti, refa," mtu akaita kutoka nyuma kabisa, juu ya ukuta wa shule. "Huku hatujasikia."

Nikavuta pumzi mpaka tumboni, kama godoro linaloinuka baada ya mtu kuondoka juu yake.

"Nimesema," nikasema, na sauti ikafika ukutani, ikarudi, nami nikaisikia kwa mara ya kwanza, "Nyamhanga hawezi kumwangusha baba yangu kwa sababu anataka kunioa. Na mimi nataka anioe."